Milango arobaini: jinsi ya kuanzisha kundi la kutunzana mtaani Mombasa

Maswali huwa yale yale. Tuanze na watu wangapi? Tusajili wapi? Nani ashike pesa? Zahanati itatusikiliza kweli? Majibu yako hapa, yamepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe. Yanaufaa mtaa wa kawaida wa Mombasa, uwe Majengo, Mishomoroni, Ziwa la Ng'ombe, Magongo au Mtongwe: nyumba moja ina wapangaji sita, na jirani wa mkono wa kulia unamjua kwa jina la mtoto wake tu.

Kundi hili lina kazi tatu. Kujua nani anahitaji kuangaliwa, kumfikisha penye huduma, na kuwarahisishia kazi wale wanaoitoa hiyo huduma. La tatu ndilo husahaulika. Nesi, mhudumu wa afya ya jamii, mzoa taka na muuza maji nao wana miguu inayochoka. Ukiwaendea kwa madai tu, baada ya miezi miwili watakuwa wanapita njia ya nyuma wakikuona.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Watu wanne, wasiwe wa nyumba moja wala ukoo mmoja. Wawili wawe wanawake, mmoja awe mpangaji (si wenye nyumba watupu), na mmoja awe kijana anayejua vichochoro vyote.
- Daftari moja la jalada gumu. Si simu. Simu huzimika, huibwa na huhama na mwenyewe.
- Laini moja ya simu ya kundi, kwenye simu ya batani inayokaa na chaji siku kadhaa.
- Karatasi kubwa ya manila ya kuchorea ramani.
- Tochi mbili, glavu, bandeji, na pakiti kumi za chumvi na sukari ya kuharisha (ORS).
- Shilingi 2,000 hivi kutoka mifukoni mwenu wanne. Msiombe mchango wa mtu yeyote kabla hamjafanya jambo lililoonekana.

Mzee wa mtaa na naibu chifu waelezwe mapema, kwa mdomo. Hamwendi kuomba ruhusa ya kumjulia jirani hali. Mnakwenda ili wasisikie habari zenu kwa mtu mwingine.

Hatua

1. Chora mpaka, kisha hesabu milango, si mapaa.

Anza na milango 40. Wengi wetu tumesikia madrasa kwamba ujirani hufika nyumba arobaini, na kwa kazi hii hesabu hiyo inakaa sawa kabisa: ni watu wa kutosha kuchangiana, na bado mtu mmoja anaweza kuizunguka yote kwa miguu kabla chai haijapoa.

Nyumba ya Kiswahili yenye koridoo katikati na vyumba sita ihesabu milango sita ikiwa kila chumba kina mpangaji wake. Kwenye ghorofa, gawa kwa ngazi: wanaopanda ngazi moja ni kundi moja. Mpaka uwe kitu kinachoonekana, kama mtaro, kichochoro, ukuta wa shule au bomba la maji.

Kosa la kawaida ni kuanza na kata nzima. Mombasa ina kata 30 na hakuna hata moja unayoweza kuizunguka kwa kubisha hodi.

2. Bisha hodi wawili wawili.

Mwanamume na mwanamke pamoja. Mwanamume peke yake asibishe penye mwanamke aliye peke yake. Nyakati nzuri ni Jumamosi saa nne asubuhi na Jumapili saa kumi alasiri. Epukeni Ijumaa adhuhuri, epukeni magharibi, na mwezi wa Ramadhani msiende jioni watu wakiwa jikoni.

Semeni hivi, bila kuongeza: "Sisi ni majirani. Si wa siasa, hatuandikishi watu, na hatukusanyi pesa. Tuna maswali mawili tu."

Swali la kwanza: usiku likitokea la kutokea, ungependa tumpigie nani? La pili: kuna jambo unaloliweza ambalo jirani akikuomba hutaona taabu? Swali la pili usiliruke. Ndilo linalomfanya mtu awe mshiriki badala ya kuwa maskini aliyeandikwa jina. Hapo utajua nani ana ngazi, nani anajua kusoma barua za serikali, nani alikuwa nesi akastaafu, nani yuko macho saa tisa za usiku kwa sababu anakanda mahamri.

Mtu akikataa, shukuru, weka alama ya mlango tu, usirudi mpaka akuite mwenyewe.

3. Wagawe wajumbe.

Mjumbe mmoja kwa milango minane, na kila mjumbe awe na naibu. Milango 40 inakupa watu kumi. Mjumbe aishi ndani ya milango yake na awe mtu anayeshinda mtaani: mama wa genge, fundi cherehani, mwenye duka. Anayeondoka alfajiri kwenda bandarini na kurudi usiku si mjumbe, hata akiwa na moyo wa dhahabu.

4. Andika daftari, na ujue usichoandika.

Safu ni sita: namba ya mlango, jina la kuitwa, simu, simu ya ndugu wa dharura, anachoweza kusaidia, na "aangaliwe?" ndiyo au la.

Usiandike maradhi, dini, kabila, namba ya kitambulisho, wala nani anadaiwa kodi ya nyumba. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini kabla ya sheria kuna aibu: daftari likisahaulika kibandani kwa saa moja, mtaa mzima umesoma. Anayehitaji kuangaliwa mwekee duara kwenye namba yake, basi. Sababu ya duara anaijua mwenyewe, mjumbe wake, na mhudumu wa afya iwapo mwenyewe ameridhia.

5. Wekeni ishara ya asubuhi.

Hii ndiyo hatua inayookoa watu, na haigharimu senti.

Kila mwenye duara anayeishi peke yake achague ishara yake: pazia lifungwe fundo, ndoo itolewe nje, au dirisha lifunguliwe. Ishara iwe imeonekana kufikia saa tatu asubuhi. Isipoonekana, mjumbe abishe. Asipojibiwa, apige simu. Simu isipopokewa, aite mtu wa pili na mwenye nyumba mwenye ufunguo, na kufikia saa tatu na nusu waingie watu wawili au zaidi, kamwe si mmoja. Ukiingia peke yako kwa mtu, hata kwa nia njema, kitu kikipotea umekichukua wewe.

Ruhusa ya kuingia iombwe mapema, mwenyewe akiwa mzima, mbele ya ndugu au jirani. Na anayesafiri amwambie mjumbe. Milango mingi huvunjwa bure kwa sababu bibi alikwenda Kwale arusini.

6. Nendeni kwa watoa huduma: ombi moja, ahadi moja.

Msiende kumi. Nendeni wawili, na ramani yenu mkononi.

*Zahanati.* Nendeni saa nane au saa tisa za mchana foleni ikiwa imepungua, wala si Jumatatu asubuhi. Ombi: mpewe siku za kliniki, na mjulishwe dawa au chanjo ikiisha, ili mama asibebe mtoto juani bure. Ahadi: magongo na viti vya magurudumu vitakavyoazimwa na watu wa milango yenu mtavifuatilia mpaka virudi. Ahadi hiyo mwenye dhamana ya kituo ataikumbuka kuliko barua yoyote.

*Mhudumu wa afya ya jamii.* Huyu hupangiwa takriban nyumba 100. Tangu Septemba 2023, serikali ilipoanza kuwagawia mikoba, wengi wana mashine ya presha, kipima sukari na kipimajoto. Posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Basi usimtume kama mtumishi wa nyumbani. Ombi: apitie milango yenye duara kwanza. Ahadi: mjumbe atamngoja, atampa kiti na maji ya kunywa, na atamsindikiza kukiwa na giza.

*Madereva wawili wa tuktuk wanaolala mtaani.* Nauli ya usiku hadi hospitali mliyochagua ipatanwe sasa, iandikwe, na ilipwe na mfuko wa kundi (hatua ya 10) usiku huo huo. Dereva aliyekopwa mara moja hataamka mara ya pili.

*Muuza maji wa mkokoteni.* Mabomba yakikauka bei hupanda na wazee huachwa mwisho. Ombi: mitungi miwili ya kwanza ya kila safari iende penye duara, kwa bei ya siku hiyo. Ahadi: analipwa papo hapo, na mkokoteni wake una pa kulala salama.

*Mzoa taka.* Alipwe siku moja inayojulikana. Vigae vya chupa na sindano za wanaojidunga dawa ya kisukari vitiwe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, si ndani ya mfuko. Mkono wake ukichomwa hana posho ya kukaa nyumbani.

*Msikiti na kanisa.* Wana kipaza sauti, masufuria makubwa na watu wa kusaidia mazishini. Waombeni tangazo moja kwa mwezi, si zaidi. Namba ya naibu chifu nayo iwe ukurasa wa kwanza wa daftari: mtu akifia nyumbani, yeye ndiye anayearifiwa na kutoa kibali cha mazishi, na penye mazishi ya siku hiyo hiyo kila saa ina thamani.

7. Tengenezeni anwani ya maneno na mpango wa usiku.

Vichochoro vyetu vingi havina namba. Gari la wagonjwa likiuliza "mko wapi?", mtu aliyepagawa hujibu "hapa hapa karibu na msikiti". Msikiti upi?

Andikeni sentensi mbili: barabara kuu na kituo cha matatu, kisha alama isiyohama. Mti unakatwa na duka linapakwa rangi mpya. Shule, kisima na nguzo kubwa ya umeme hubaki. Malizieni na mahali ambapo mtu mwenye tochi atasimama kupokea gari. Kisha ijaribuni: mwiteni bodaboda asiyekaa mtaani, saa tatu usiku, msomeeni hizo sentensi tu. Akipiga simu zaidi ya mara moja kuuliza njia, andikeni upya.

Ukutani mwa kila mjumbe ziwepo namba hizi: polisi 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199, watoto 116, dhuluma za kijinsia 1195, na za madereva wenu wawili.

Onyo. Aliyeanguka kutoka juu, au aliyegongwa na hawezi kusogeza shingo wala miguu, msimkunje ndani ya tuktuk. Mpigieni 1199, mwacheni alale alivyo, mzuieni asigeuzwe na kila anayefika.

Mkiwa Likoni, chagueni hospitali ya upande huo huo kwanza. Hospitali ya kaunti ndogo ya Likoni na ile ya Mrima ziko huko. Feri saa nane za usiku si mahali pa kungojea uchungu wa uzazi. Wa kisiwani wana Tudor na Hospitali Kuu ya Pwani, wa Changamwe wana Port Reitz.

8. Fanyeni alasiri moja ya makaratasi.

Barazani, na vijana wawili wenye simu. Kazi ya kwanza ni kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024: piga *147#. Watu wengi hawajisajili kwa kuogopa kudaiwa. Waelezeni tofauti: kujisajili tu kunakupa huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya, mchango unaulizwa ukilazwa hospitali kubwa. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiye na ajira ya mshahara hulipwa kwa mkupuo wa mwaka, kwa hiyo mtu aanze kuuwekea akiba kabla hajaugua.

Kazi ya pili ni wazee waliotimiza miaka 70 wasio kwenye Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya kuwasaidia wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Wapelekwe kwa naibu chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii waulize usajili unafunguliwa lini.

Namba ya siri ya mzee haishikwi na mjumbe. Hata akimwomba. Hata akilia.

9. Jitayarisheni na masika.

Mvua kubwa Mombasa huanza mwisho wa Machi na huwa kali zaidi Mei. Mitaro izibuliwe Februari na tena katikati ya Machi. Tope likitolewa liondoke siku hiyo hiyo. Likirundikwa ukingoni, mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka, na kazi ya watu ishirini imekwenda na maji.

Kila Jumamosi, vyombo vyote vya maji vimwagwe, visuguliwe ndani kwa brashi, vifunikwe. Kusugua ni lazima kwa sababu mayai ya mbu wa homa za denge na chikungunya hung'ang'ania ukutani mwa pipa hata maji yakimwagwa, na yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakimzuii. Tairi, vifuu vya nazi na sahani za maua vitazamwe pia. Chikungunya iliyoitesa Mombasa mwisho wa 2017 ilistawi kwenye mitungi yetu wenyewe.

Mtu akiharisha na pakiti za ORS zimekwisha: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa kijiko kilichosawazishwa juu, usikadirie. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mchanganyiko unamwagwa baada ya saa 24. Mtoto aliyelegea, au asiyeweza kunywa, apelekwe kituoni mara moja.

10. Anzisheni mfuko, mwezi wa pili.

Shilingi 20 kwa wiki kwa kila mlango. Ikilipa milango 25 kati ya 40, ni 500 kwa wiki, 2,000 kwa wiki nne: inatosha nauli za usiku na vifaa vya huduma ya kwanza. Anayeweka hesabu asiwe anayeshika pesa. Kila Jumapili kiasi kiandikwe kwa chaki au kalamu nene mahali wote wanapita. Mfuko ulipe mambo mawili tu, safari za dharura na vifaa. Arusi, mazishi na karo vina michango yake. Vikiingia humu, hakuna kitakachobaki siku mama anatapika damu.

11. Sajilini baada ya miezi mitatu, si kabla.

Ukianza na katiba utamaliza na katiba. Mkishakuwa na daftari linalotumika, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi, katiba, viongozi waliochaguliwa na kumbukumbu za mkutano. Cheti kitawasaidia kufungua akaunti yenye sahihi tatu.

Mambo yakikwama

*Mkutano wa kwanza walikuja hamsini, wa pili sita.* Ni kawaida. Sita ndio kundi. Mkutano uwe mmoja kwa mwezi, dakika 45, mkianza na waliokuja kwa wakati. Wajumbe waliokosa wapitiwe nyumbani, bila kusutwa.

*Wanatuona Nyumba Kumi.* Mpango ule wa serikali wa 2013 uliletwa kwa ajili ya usalama, na wengine huogopa kuwa ni njia ya kupeleka majina kituo cha polisi. Kundi lenu lisifanye doria, lisishike mtu, lisiandike wageni. Likianza kupiga vijana wa maskani, litaacha kubishiwa hodi na mama zao. Kijana anayetumia unga (dawa za kulevya) naye ni mlango mmoja kati ya arobaini. Ulizeni zahanati wapi anaweza kupata tiba, na apelekwe na mtu anayemwamini.

*Wapangaji wanahama kila mwezi.* Mjumbe apite kila tarehe 5, baada ya kodi, asahihishe milango yake minane kwa penseli. Mwombeni mwenye nyumba ampe mpangaji mpya namba ya mjumbe pamoja na ufunguo.

*Kundi la simu limejaa salamu na video.* Fungueni mawili. La taarifa, wanaandika wajumbe tu. La soga, kila mtu na raha zake.

*Mgombea anataka kutupa fulana.* Mkaribisheni azibue mtaro nanyi. Fulana arudi nazo.

*Mweka hazina hakamatiki.* Kama mlibandika hesabu kila wiki, hasara ni ya wiki moja. Andikeni kiasi, badilisheni mtu, endeleeni. Msisimamishe ishara ya asubuhi kwa ajili ya shilingi 500.

*Zahanati haina dawa kila tukienda.* Msianze kwa kupiga kelele dirishani, kwani nesi aliye pale si yeye anayeagiza. Wekeni kumbukumbu ya wiki nne: tarehe, dawa iliyokosekana, watu wangapi wamerudishwa, bila majina. Pelekeni kwa kamati ya kituo, yenye wawakilishi wa jamii. Isipojibu, andikieni idara ya afya ya kaunti mkiomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kujibu, au saa 48 panapohusika uhai wa mtu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na tarehe ziwekeni akilini: makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hiyo kumbukumbu zenu zikifika Juni zimechelewa mwaka mzima.

*Mzee hataki kuangaliwa.* Futeni duara. Lakini mama wa mahamri akimpelekea mawili kila asubuhi na kungoja sahani yake irudi, hilo halina haja ya kuandikwa daftarini.